Namba 14 Ana Jina

Nshamba, Muleba
9 Juni 2024

Protase,

Nimekupigia mara kumi na moja tangu Jumatano. Mara saba simu imeita hadi ikachoka. Mara nne umepokea, ukasema "mtandao, Dada, mtandao," ukakata. Basi nakuandikia, barua haina mtandao. Tena maneno ya simu hayana saini, na haya ninayokuuliza nataka uyajibu kwa saini.

Agnetha wa kwa mjomba amepita hapa dukani kwangu akanieleza kwamba migomba yetu ya upande wa chini imepigwa alama za rangi nyekundu. Nikamwambia kama ni mnyauko wakate haraka kabla haujaenea. Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la kahawa. "Mnyauko gani, dada? Migomba ni mizima. Ni vita."

Vita! Anasema kile kilima cha Rubaleka, wanakokwenda wageni kutazama mahali Mjerumani na Mwingereza walipopigana mwaka 1915, kimeongezwa. Kilikuwa ekari 26, sasa kitakuwa 41. Toka mawe ya mpaka wa zamani hadi mgomba wetu wa kwanza ni hatua 340, nimezipima tangu nikichunga mbuzi. Uwanja wa vita umetembeaje hatua 340 wakati waliopigana wote wamekufa?

Nisikilize vizuri. Katika hizo ekari 15 zilizoongezwa, tatu na nusu ni kibanja cha ukoo. Kina nyumba uliyomo wewe na Mama, kina mibuni 218, kina makaburi nane. Na pale chini, hatua arobaini kwa ishirini na tano, ni pangu. Nilipanunua kwa Mutembei mwaka 1999, kwa dagaa nilizobeba kichwani kutoka mwaloni zinakoshushwa mitumbwi, za kisiwa cha Bumbire, miaka sita. Baba alinipa jina tu. Ardhi aliitoa kwa mwanaume, naye alikuwa wewe. Sikulalamika. Lakini mimi nimeachika, sina kibanja cha mume, na sikutaka siku moja ndugu wakae wabishane wanitupe wapi. Nilinunua kaburi langu mwenyewe.

Niambie ni nani aliyewaita hao watu.

Dada yako,
Klaudia


Rubaleka, Bukoba
16 Juni 2024

Dada Klaudia,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mama hajambo, magoti tu. Barua yako nimeipokea kwa kondakta, ikiwa imeshikwa na mikono mingi, kwa hiyo siku nyingine ufunge bahasha.

Mambo haya yanahitaji utulivu. Historia si mali ya mtu mmoja. Maofisa wa mradi walifika hapa mwezi wa pili, watu wa adabu, wakaketi. Nilitandika nyasi mpya sebuleni, nikawatolea kahawa ya kutafuna katika kile kikapu cha Bibi. Binti mmoja alikuwa anaandika kila neno ninalosema. Kila neno, Dada. Wakaniita Mwalimu.

Hakuna anayefukuzwa. Tutaendelea kulima na kuvuna. Masharti ni madogo: kusiwe na jengo jipya, na kusichimbwe ardhi zaidi ya sentimita thelathini baada ya nguzo za mpaka kusimikwa, yaani tarehe 31 Agosti. Mimi nimeteuliwa kuwa mwongoza wageni wa upande wa kusini, na nimepewa fulana na kofia.

Na nikusahihishe jambo moja, maana wewe unajisifu kwa hesabu. Makaburi ya kibanja ni saba. Babu, Bibi, Baba, baba wadogo wawili, shangazi, na Joackim marehemu kaka yetu. Yote yana misalaba. Saba, Dada. Umri unaanza kukusumbua.

Wako,
Mwl. Protase
Mrithi wa kibanja


Nshamba
20 Juni 2024

Mwalimu waitu, mheshimiwa wetu,

Sentimita thelathini. Nimechukua rula ya dukani nikaitazama. Shimo la mgomba linataka sentimita sitini. Kwa hiyo tutalima, lakini hatutapanda. Mgomba ukifa umekufa.

Kaburi ni futi sita, nayo ni sentimita 183. Mama ana miaka themanini na sita. Ukimfukia kwa sentimita thelathini atakuwa mama au mbegu ya maharage? Fidia ya migomba tutaizungumza siku nyingine. Leo nazungumza sentimita.

Nimekwenda hadi Bukoba mjini nikasoma tangazo lililobandikwa. Nilisimama pale kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Sababu ya kuongeza mpaka imeandikwa hivi, nimenakili: "Kuwepo kwa handaki la mapigano la mwaka 1915, lililothibitishwa na mrithi wa eneo."

Handaki la mwaka 1915!

Protase, lile shimo alilichimba Baba, Novemba 1978, ndege za nduli zilipokuwa zinapita juu ya mji. Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Mimi nilikuwa na kumi na miwili, na udongo niliubeba mimi. Baba aliniahidi ndizi mbivu moja kwa kila vikapu ishirini, ndiyo maana nilihesabu. Nilifika vikapu 412. Ndizi ishirini, na sikula hata moja. Vita vilipokwisha Baba akalifanya shimo la kuivishia ndizi za pombe ya rubisi, na kila Desemba akilewa alitusimulia alivyolichimba. Usiniambie hukusikia. Ulikuwa unamshikia kibuyu.

Wewe waliokutoa darasani mwaka 2017 ni watu waliokagua vyeti. Cheti kimoja hakikukutosha?

Hesabu ya makaburi tutaizungumza nikija, baada ya msimu wa kahawa. Kuna la mdomoni na kuna la karatasi. Kwa sasa nakuomba kitu kimoja, na mimi si mwombaji: upande wa chini wa handaki, pale penye ule mti wa omulamula uliosimama peke yake, pasiguswe. Pasiguswe na mtu yeyote.

Klaudia


Rubaleka
14 Julai 2024

Dada,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kazi zimekuwa nyingi, na ukweli ni kwamba maneno yako ya cheti yaliniuma. Nilifundisha miaka kumi na tisa. Watoto 1,100 na zaidi walipita mikononi mwangu. Cheti kilikuwa cha mtu mwingine, lakini kufundisha nilifundisha mimi. Wewe hujui kukaa miaka saba kijijini watu wakikuita "Mwalimu" huku wanacheka pembeni.

Ndiyo, nilijua Baba ndiye aliyelichimba. Sasa nimesema. Lakini walikuwa wanatafuta, na walikuwa wamekaa kwangu, na yule binti alikuwa ameshika kalamu. Nikaona nani ataumia? Wageni watakuja, kijiji kitapata barabara.

Na sasa Mungu mwenyewe amelithibitisha! Sikiliza. Jumatano ya tarehe 10 walikuja na vifaa kuchimba shimo la majaribio. Wakaniuliza mahali pasipo na kaburi la familia. Nikawaonyesha upande wa chini, kwenye omulamula. Nilikumbuka ulivyokataza, lakini nilikuelewa: omulamula ni wa mpakani, na ng'ambo yake ndiko kiwanja chako kilipo. Unalinda mpaka wako dhidi ya ukoo. Hata Mhaya mtoto anajua, penye omulamula ni mpaka, na mpakani hakuna anayezika mtu. Nikaung'oa mwenyewe nikautupa kwenye taka za migomba.

Kufika sentimita sabini wakakuta mifupa! Ya binadamu, midogo. Bwana Dastan Kyaruzi, ofisa mkuu wao, anasema huenda ni mtoto wa mmojawapo wa wapagazi wa vita. Wameiweka katika sanduku, wakaipa namba: 14. Picha zilipigwa, na mimi nimo.

Mama tu ndiye anayenipa shida. Aliuliza nani ameng'oa omulamula. Nilipomwambia ni mimi, akaingia ndani, na tangu Jumatano anakunywa maji tu. Labda wewe utajua anachotaka.

Mwl. Protase
Mrithi


Nshamba
15 Julai 2024

Protase,

Nilisema makaburi nane. Mimi sikosei hesabu.

Yule si mtoto wa mpagazi. Ni dada yako. Alizaliwa ndani ya handaki tarehe 19 Novemba 1978, saa ambayo hatukuweza kutoka hata kuchota maji. Aliishi tangu jua linachomoza mpaka linazama. Nilimbatiza mimi, kwa maji ya kibuyu, kwa sababu katekista alishatufundisha kwamba hatari ikiwepo hata mtoto anaweza kubatiza. Anaitwa Annastella.

Hapakuwa na ubao wa jeneza. Nilivua shati langu la shule tukamvika. Baba alichimba palepale mwisho wa handaki, akasema watu wanakufa mjini, tusipige kelele kwa mtoto wa siku moja. Hakuweka msalaba. Mama hakuruhusiwa hata kunyoa nywele za msiba. Vita vilipotulia, Baba akiwa sokoni, Mama alichukua kipande cha omulamula akakichomeka kichwani kwake. Alichagua omulamula ili Baba akiuona aone mpaka tu. Baba akaona mpaka. Miaka arobaini na sita kila mtu ameona mpaka, na wewe pia.

Mama alinikataza kulisema. Nililibeba kuliko nilivyobeba dagaa. Na tarehe 20 Juni nilipokuandikia "pasiguswe" bila kusema kwa nini, niliona aibu kuliweka kwenye karatasi ya kupitia kwa kondakta. Toka siku ile mpaka walipochimba ni siku ishirini. Siku ishirini za siri nisizozihitaji. Hizo ni zangu, nimeziandika upande wangu. Zako hesabu mwenyewe.

Jumamosi nakuja kumchukua Mama. Mfungie nguo zake. Usivae ile kofia mbele yangu.

Klaudia


Nshamba, Muleba
17 Julai 2024

Kwa Ofisa Mkuu,
Mradi wa Uwanja wa Mapambano wa Rubaleka, Bukoba

Bwana Dastan Kyaruzi,

YAH: MABAKI MLIYOYAPA NAMBA 14

Mimi ni Klaudia, binti wa kwanza wa kibanja mlichochimba tarehe 10 mwezi huu. Ni mnunuzi wa kahawa Nshamba. Sikusoma sana, ila nimepima vitu maisha yangu yote na mizani yangu haijawahi kukataliwa.

Handaki hilo lina urefu wa hatua 14 na upana wa mikono miwili. Lilichimbwa Novemba 1978 na baba yangu, kwa siku tano. Mliyemtoa ni mdogo wangu, Annastella. Alivikwa shati jeupe la shule. Lilikuwa na vifungo vinne vya plastiki. Vitatu vyeupe, na cha nne kutoka juu ni cha kijani, kwa kuwa cheupe kilidondoka nikashona nilichokipata. Fungueni sanduku mtazame. Kisha mniambie kama wapagazi wa mwaka 1915 walikuwa wakiwavika watoto wao vifungo vya plastiki.

Naomba mambo mawili. Mtoto arudishwe kwa mama yake, ambaye yu hai lakini hali chakula. Na mpaka urudi ulipokuwa.

Namba 14 ana jina. Naomba mlitumie mtakaponijibu.

Klaudia


Bukoba
8 Agosti 2024

Bi. Klaudia,

Barua yako ya tarehe 17 Julai yahusika.

Ofisi inatoa pole kwa usumbufu. Napenda kukufahamisha kuwa uchunguzi ulifanyika kwa kuzingatia maelezo ya mrithi wa eneo, ambaye ndiye anayetambulika katika jalada kama msemaji wa kibanja. Kwa mujibu wa taratibu, maelezo hayo yanaweza kutenguliwa na mrithi huyohuyo tu, kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Ofisi haina uwezo wa kupokea maelezo ya mwanafamilia mwingine kuyapinga.

Iwapo mrithi atatengua, mabaki yatakabidhiwa kwa familia. Hata hivyo ataondolewa katika nafasi ya mwongoza wageni, na anaweza kuwajibishwa kwa kutoa taarifa zisizo za kweli.

Kuhusu mpaka, tangazo limekwishatoka. Mapitio yatafanyika baada ya miaka mitano.

Dastan Kyaruzi
Ofisa Mkuu wa Mradi

(Kwa kalamu, chini ya muhuri:)
Mama, nimefungua sanduku. Vifungo ni vinne. Cha kijani kipo. Sikupaswa kukuandikia hili. Mwambie ndugu yako asaini.


Rubaleka
15 Agosti 2024

Dada,

Tangu umchukue Mama nyumba hii ni kubwa. Nimepokea nakala ya barua ya ofisi uliyonitumia, na chini yake ulivyoandika kwa wino mwekundu "SAINI HAPA", kama vile mimi ni mtoto wa darasa la pili.

Nimeshika kalamu mara nyingi. Sasa nisikilize na mimi. Siku ile ya uhakiki walisoma majina kwa sauti kwenye ofisi ya elimu. Tulikuwa tumesimama nje kwenye mvua. Jina langu lilikuwa la kumi na saba. Unataka nisimame tena mbele ya mwenyekiti, mbele ya akina Mutembei, niseme mara ya pili kwamba nilidanganya? Watasema yule Protase hata mifupa anaighushi.

Wiki iliyopita walikuja wageni tisa kutoka Mwanza. Mzee mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, umetufundisha." Machozi yalinitoka.

Na huyo mtoto, Mungu amrehemu, aliishi siku moja. Mimi sikumjua. Yuko sandukuni, pakavu, wanamtunza kuliko sisi tulivyomtunza. Je, hatuwezi kuacha? Mama naye arudi kabla ya tarehe 31. Nimeuliza, anayezikwa kabla ya nguzo hakatazwi. Bado nafasi ipo kando ya Baba.

Protase


Nshamba
25 Agosti 2024

Protase mwanangu,

Klaudia anaandika, mimi nasema. Nimemwambia asiongeze lake, naye ananuna.

Umeandika kwamba nirudi kabla ya tarehe 31 kwa kuwa nafasi ipo. Klaudia alinisomea nikacheka, mara ya kwanza tangu nije. Unanitaka nife kwa ratiba, mwanangu? Nitajitahidi, lakini siahidi.

Mimi sitaki ardhi. Ardhi ilikuwa ya baba yako, kisha ikawa yako. Mimi nilipita tu katikati nikiwa na jembe.

Nataka nikwambie jambo ambalo hata Klaudia halijui vizuri kwa sababu alikuwa amelala. Umesema hukumjua. Siku ile Annastella alipokwisha, maziwa yalikuja. Maziwa hayajui habari. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, nilishakuachisha zamani, ulikuwa na homa na kuhara, na ndani ya lile shimo hakukuwa na chakula cha mgonjwa. Baba yako aliogopa kutoka. Nikakuweka kifuani. Ulinyonya siku nne. Yalikuwa ya kwake. Baba yako alipokuambia kwamba wewe ni mtoto uliyepona katika vita, hakukuambia ulipona kwa nini.

Simdai mtu. Alikupa kwa sababu hakuyahitaji. Lakini usiseme tena hukumjua.

Niletee mtoto wangu.

Mama yako,
Paskazia
(dole gumba lake, mbele ya Klaudia)


Rubaleka
16 Septemba 2024

Kwa Ofisa Mkuu,
Mradi wa Uwanja wa Mapambano wa Rubaleka

Mimi Protase, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, Bwana Kahigi, na wajumbe sita, natengua maelezo niliyotoa Februari mwaka huu.

Handaki si la mwaka 1915. Lilichimbwa na baba yangu mwaka 1978 na nilijua hivyo nilipowaambia vinginevyo. Hakuna aliyenishawishi. Niliwadanganya kwa sababu mlikuwa mnaandika.

Mliyempa namba 14 ni Annastella, dada yangu. Mkabidhini kwa Klaudia wa Nshamba na si kwangu.

Fulana na kofia nimeviacha kwa mwenyekiti, vimefuliwa.

Protase


Nshamba
2 Oktoba 2024

Protase,

Sikukusalimu msibani. Uliona. Naandika sasa kwa sababu kuna mambo ya kumaliza na mimi siachi hesabu wazi.

Barua ya Mama ulipewa mkononi tarehe 26 Agosti. Ulisaini tarehe 16 Septemba. Siku ishirini na moja. Sanduku lililetwa na Bwana Kyaruzi mwenyewe kwa gari la ofisi tarehe 19, saa nne asubuhi, siku ya tatu baada ya saini yako. Mama alikufa tarehe 18 jioni. Ungekaa na ile barua siku kumi na tisa, angemshika. Sikutukani. Natoa tu, kama ninavyotoa uzito wa gunia kwenye uzito wa kahawa.

Siku zile zote kila gari likisimama barabarani aliuliza, "Ni wao?" Mara ya mwisho lilikuwa gari la mkaa. Nikamwambia, "Bado, Mama." Akasema, "Protase ni mzito kuamka. Alikuwa hivyo tangu mdogo." Hiyo ndiyo kauli yake ya mwisho juu yako, na nimekuandikia yote, bila kupunguza kwa hasira.

Kando ya Baba isingewezekana, nguzo zilikuwa zimeshasimama siku kumi na nane. Kwangu kule chini kwa Mutembei pia. Ndiyo maana uliona tumechimba hapa Nshamba, nyuma ya ghala langu la kahawa, penye udongo mbaya wa mawe. Futi sita kamili, nilishusha kamba nikapima. Wanaume wa hapa walilalamika. Tulimzika Mama, sanduku likiwa juu ya kifua chake, upande wa kushoto. Padri aliuliza jina la mtoto ili alitaje, nikalitaja, na lilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti mbele ya watu tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Wewe ulikuwa nyuma kabisa, pamoja na wanawake waliokuwa wanamenya ndizi, mahali ambapo mimi nimesimama kwenye kila msiba wa ukoo huu. Hakuna aliyekupeleka. Ulijichagulia mwenyewe.

Jana nilipita Rubaleka kwenda kutazama. Nguzo ni kumi na moja, nimezishika zote. Kibao bado kinasema 1915. Nilimuuliza kijana anayelinda, akasema kitabadilishwa wakati wa mapitio, mwaka 2029. Mimi nitakuwa na miaka sitini na mitatu, Mungu akipenda, na nitakuwa pale na futi yangu ya kupimia. Omba nawe uwepo. Atatakiwa mrithi, maana bado jalada halinijui.

Sasa lile la mwisho. Ulipoondoka nilikuta gunia pembeni ya mlango, limefungwa kwa kamba ya mgomba. Ndani kulikuwa na kipande cha omulamula, kimekaukia juu, chini kina macho mawili mabichi. Najua ni ule ule, kovu la panga la Baba la mwaka 1984 nalijua. Na najua kwamba ndani ya mpaka hairuhusiwi kutoa hata jani, kibao kingine kinasema hivyo. Umeiba urithi wa taifa, Mwalimu.

Nimeuchomeka kichwani kwao. Sentimita ishirini na tano, nimepima. Leo asubuhi jicho moja limetoa jani.

Sijakusamehe, na sijui nitakusamehe lini, kwa hiyo usiniulize. Lakini arobaini ya Mama ni tarehe 28. Utakuja na mkungu mmoja kutoka kibanjani, ule wa mgomba aliopanda yeye mlangoni, maana huo hauoti tena mwingine. Jambo lolote litakalokuzuia, usinipigie simu.

Andika, na utie saini.

Dada yako,
Klaudia